Tulivyolifikisha suala la pensheni zetu Dodoma

Wenzangu waliostaafu jeshini juzijuzi hapa Tanga kila tukionana wananiuliza: "Afande, nyie wazee mlianzia wapi hata mbunge akawasikiliza?" Nimeona niandike, maana kusimulia barazani kila jioni kunachosha.

Mimi nilikuwa karani wa kombania. Nilistaafu miaka ya tisini nikiwa sajini, na pensheni yangu ikakokotolewa kwa mshahara wa wakati ule. Hapo ndipo penye kiini cha kesi. Hazina inakuhesabia kwa mshahara wako wa mwisho, kisha umebaki hapohapo. Walioko kazini wanapandishiwa mishahara, unga unapanda, nauli inapanda, wewe umesimama "mguu sawa". Kufikia 2014 wengi wetu tulikuwa kwenye kima cha chini, Sh 50,000 na chenji kidogo kwa mwezi. Koplo aliyestaafu wakati huo alikuwa ananizidi mbali mimi sajini, na wala si kosa lake.

Tulikuwa tukikutana Makorora, kwenye ua wa mwenzetu mmoja. Vikao vile vilikuwa vilio vitupu. Yupo aliyepigwa risasi ya mguu Uganda, yupo mjane anayefuatilia mafao ya marehemu, yupo aliyeondoka kabla ya kutimiza muda wa pensheni akapewa kiinua mgongo cha mkupuo, basi. Na wapo mgambo, waliochukuliwa vijijini mwaka 1978 wakaenda mstari wa mbele pamoja nasi, vita vilipokwisha wakarudi kwenye majembe yao. Barua iliyokuwa imeandikwa kabla sijajiunga na vikao hivyo ilikuwa nene, inaanza na Idi Amin kuivamia Kagera na kuishia na bei ya sukari. Mheshimiwa aliyepelekewa alituletea salamu tu.

Nikamwambia mwenyekiti, nipeni kazi yangu ya zamani. Nataka karatasi, sitaki hotuba.

Zikaja. Zilikuja kwenye mifuko ya rambo, kwenye mikebe ya biskuti, moja ilikuwa imekunjwa ndani ya msahafu. Joto la pwani si rafiki wa karatasi: hati ya pensheni ya koplo mmoja ilikuwa imegandana mikunjo yote, tukaifungua kwa ncha ya kisu juu ya meza, yeye mwenyewe amezuia pumzi kana kwamba tunategua bomu. Namba ya jeshi ilisomeka. Tarehe ya kustaafu ilibaki nusu.

Kilichonisumbua zaidi ni hofu. Wazee wengine walikataa kuandika chochote, wanasema "jeshi ni siri, tuliapa". Nikawaeleza kwamba sihitaji kujua ulikuwa kikosi gani wala ulifanya nini Masaka, kule Uganda. Nataka cheo, mwaka wa kuingia, mwaka wa kutoka, na kiasi kinachoingia benki leo. Wakalegea. Safu hizo nne nikazipanga kwenye karatasi moja, binti wa steshenari akaichapa, na kwa mara ya kwanza wenyewe tukaona: watu wa vyeo tofauti, wenye miaka tofauti ya utumishi, wote wamelala kwenye tarakimu ileile.

Mgambo niliwawekea faili la peke yao. Walinikasirikia. Lakini suala lao halikuwa kiwango cha pensheni, lilikuwa kutambuliwa kwamba walikuwepo, na ukiyachanganya mawili haya mbele ya serikali, inajibu lile jepesi na kulizika lingine. Mzee mmoja akatukumbusha habari za askari wa Mjerumani, wale waliopigana hapahapa Tanga Novemba 1914 na kuwafukuza Waingereza na Wahindi. Wengi walikaa miaka mingi wakingoja malipo yao. Ni mwaka 1964 ndipo Bunge la Ujerumani Magharibi lilipoidhinisha fedha za waliobaki hai. Inasimuliwa kwamba kwenye malipo kule Mwanza asiye na cheti alipewa fagio badala ya bunduki, akapigiwa amri za gwaride kwa Kijerumani, na wote wakazitekeleza. Mgambo wetu mmoja akasimama: "Basi nami nipeni fagio!" Tulicheka, ila hoja yake ilikuwa nzito kuliko barua yetu yote.

Kwa mbunge tulikwenda na karatasi ile moja tu. Tulimchagua mama wa viti maalumu, na sababu yangu ni ya kikarani: katibu wake alikuwa anapokea simu. Kijana yule ndiye aliyetufaa. Alikuwa amedhani tunalipwa na mfuko wa pensheni kama walimu waliostaafu karibuni, na alikuwa tayari kuandikia huko. Nikamwonyesha kwamba sisi ni wa Hazina, mwenye kujibu ni Waziri wa Fedha. Barua ikienda mlango usio wake, inakaa humo miezi ndipo inarudi na samahani.

Akatufundisha jambo ambalo wengi hawalijui. Swali la msingi linapelekwa mapema, serikali inaandaa jibu, linasomwa. Jibu hilo litakuwa laini daima. Lakini aliyeuliza ana haki ya maswali mawili ya nyongeza, na hayo waziri hayaoni kabla. Kwa hiyo tulitumia nguvu nyingi kuyanoa hayo mawili: kwa nini cheo hakionekani tena kwenye pensheni ya mstaafu wa zamani, na je, kuna utaratibu wowote wa kupandisha pensheni mishahara inapopanda?

Mwenzetu mmoja alitaka tuongeze la kiinua mgongo cha wabunge, wanachopata kila baada ya miaka mitano. Nikapinga, huendi kuomba maji huku unamtukana mwenye kisima. Hata hivyo siku tulipokutana na mheshimiwa, jamaa akalitoa, tena kwa sauti. Mama alinyamaza kidogo, akasema, "Baba, hilo nalijua, na mwaka huu ni wa uchaguzi." Pengine jamaa alikuwa na akili kunishinda.

Safari ya Dodoma ilikuwa Segera, Chalinze, Morogoro, magoti yanauma. Bungeni tulitambulishwa kama wageni, tukasimama, tukapigiwa makofi. Makofi hayo ni malipo rahisi kuliko yote, sawa na kile kiti cha mbele tunachopewa kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, wakubwa wanapoweka mkuki na ngao. Jibu la msingi lilikuwa lilelile la "kadiri uwezo wa bajeti utakavyoruhusu". Kwenye nyongeza ya kwanza anayejibu aligeuza kurasa kwa muda mrefu. Hiyo nyamaza-nyamaza niliithamini kuliko makofi.

Bajeti ya Juni 2015 ilipandisha kima cha chini cha wastaafu wa Hazina hadi Sh 100,000. Sisemi ni sisi. Wastaafu wa nchi nzima walikuwa wanapiga kelele, walimu na manesi wakiwemo. Lakini tulikuwemo, tena na tarakimu.

Sasa sikilizeni la ajabu. Kima kilipopanda kilituinua wote pamoja, mwanajeshi wa kawaida na sajini, kikatuacha tena kwenye tarakimu moja. Swali letu la vyeo halikujibiwa. Ndiyo maana nawaambia nyie mnaoanza: msiombe kima cha chini peke yake. Ombeni uwiano kati ya pensheni na mshahara wa cheo husika leo, na mwende na safu zile nne. Faili la mgambo bado ninalo, lina majina na vijiji, na linahitaji mtu mwenye magoti mazima.