Pantoni ya Pangani
Jana nimevuka mto Pangani kwenda Bweni ng'ambo, maji yenyewe dakika chache tu ila kusubiri ndo kazi, jua la utosi, pembeni yangu mama mmoja na ndoo ya dagaa kaifunika kanga, kila bodaboda ikipita anaivutia mguuni. Mto huu maji yake yanaanzia huko Kilimanjaro na Meru jamani! Na mji wenyewe si wa leo, Abushiri, yule aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani, alinyongwa hapahapa 1889. Babu alikuwa anavuka kwa mtumbwi kwenda kukata mkonge, pantoni ikigoma mpaka leo watu wanarudi kwenye viboti, gari inabaki ng'ambo. Sasa daraja la mita 525 hilo, mama ananiuliza foleni ikiisha dagaa atamuuzia nani, nikacheka kumbe hatanii