Meza ya plazma: sasa tochi inajipandisha na kujishusha yenyewe

Haya wadau, meza yangu ya kukata shiti za chuma kwa plazma, inayoendeshwa na kompyuta, X na Y (kwenda mbele-nyuma na kushoto-kulia) zinatembea freshi kwa hiyo sasa hivi napambana na Z tu, yaani tochi kupanda na kushuka. Chati ya mashine yangu inataka itoboe ikiwa milimita 3.8 juu ya shiti halafu ishuke mpaka 1.5 ndo ikate, maana ukitobolea karibu sana chuma kilichoyeyuka kinaruka kinaingia kwenye tundu la nozeli (ncha ya tochi), na bei ya nozeli mnaijua.

Kazi ipo kwenye kuishikilia hiyo 1.5. Shiti ya mili 2 ikishapata moto inajikunja, upande huu unainuka ule unalala, tochi isipofuata inagonga au inaacha slagi (chuma kilichoyeyuka kikagandia) kibao chini na ukingo wa mkato umelala. Huku inakata huwezi kupima kwa rula, kwa hiyo unasoma voltaji ya arki (moto wa umeme unaokata): tochi ikipanda arki inarefuka na voltaji inapanda, ikishuka inashuka, kwa kukadiria volti 5 ni kama nusu mili. Mimi natumia kadi ya THCAD ya Mesa, inageuza voltaji kuwa mapigo halafu LinuxCNC, programu inayoendesha meza, inayahesabu, na mapigo hayasumbuliwi sana na kelele za umeme. (Kabla hujafungua mashine chomoa plagi na usubiri kapasita ziishe chaji, humo ndani si pa kuingiza mkono hovyo.)

Kutafuta uso wa shiti nimeweka swichi ya kichwa kinachoelea, tochi ikigusa shiti inasukumwa juu na swichi inaitika. Ile ya kugusa kwa umeme inakataa kwenye kutu na rangi, ila swichi nayo inabonyeza shiti nyembamba kabla haijaitika, so lazima uipime hiyo tofauti uitoe.

Kwenye kona sasa. Mashine inapunguza mwendo, arki inakula chuma kingi, voltaji inapanda, mfumo unadhani tochi iko juu unaishusha, inachimba. Nimeseti mwendo ukishuka chini ya asilimia 90 Z ifungwe, isiguse kitu mpaka mwendo urudi.

Halafu hii ya kuandika volti za kwenye chati na kuziacha hapo mimi siikubali kabisa. Hafniamu ya elektrodi (kile kipande cha ndani ya tochi arki inakoanzia) inachimbika kadiri unavyokata, arki inarefuka ndani kwa ndani, tochi iko juu ya shiti kwa umbali uleule lakini voltaji imepanda, basi mfumo unazidi kuishusha tochi mpaka inaburuza. Kwenye QtPlasmaC, ile skrini ya plazma ya LinuxCNC, nimewasha voltaji ya otomatiki: kila mkato tochi inakaa kwanza 1.5 kutoka pale ilipogusa, inasoma volti za muda huo, ndo inazishikilia. Elektrodi mpya au iliyochoka, yote sawa.

Vitundu vya bolti nimevizimia kabisa huo mfumo wa kufuata voltaji na navikata kwa asilimia 60 ya mwendo, duara ni dogo hata muda wa kujirekebisha haupo. Kinachofuata ni trei ya maji, moshi umezidi.