Presha ya zamu

Wenzangu wa mahotelini huku Nungwi, Unguja, hebu tusemezane. Meneja anatuma ujumbe saa saba usiku. Usipojibu, asubuhi unafokewa mbele ya wageni. Sasa simu ikilia tu moyo unanienda mbio, hata kama anayepiga ni mama. Usingizi sina, shingo imekaza. Bibi akasema ni jicho la husuda, nikanywa kombe, yale maji ya aya za Kurani (sikulikataa, lina baraka zake). Spitali presha ikasoma 150 kwa 95, na ujana wangu huu! Daktari hakuanza na chumvi, aliuliza zamu. Shirika la Afya Duniani na la Kazi walisema tangu 2021: ukifanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki, hatari ya kiharusi inapanda asilimia 35 kuliko wa saa 35 hadi 40. Mie nafika 70. Nyie ovataimu mnalipwa, au mnaambiwa asante tu?