Simu Ikiuzwa, Nodi Hubaki Kwenye Seva

Hapa Tanga simu hazikai kwa mtu mmoja. Anayenunua leo Ngamiani huiuza mwakani kwa jirani wa Chumbageni, na kabla ya kuikabidhi hufuta programu zake zote, akiamini kuwa kila alichokuwa nacho kimeondoka nazo. Kwa wanaotumia seva ndogo ya ujumbe ninayoisimamia, inayofuata itifaki ya XMPP, yaani kanuni za pamoja za kupelekeana ujumbe mtandaoni, imani hiyo si sahihi, na kwa kuwa swali la kama kufuta programu hufuta pia data iliyo kwenye seva huulizwa kila mara, nimeona nilieleze kwa kirefu.

Mbali na ujumbe wenyewe, seva ya XMPP hutunza data ndogondogo kwa niaba ya mwenye akaunti: picha yake, orodha ya vikundi vyake na, kwa wanaotumia usimbaji fiche wa OMEMO, unaoufunga ujumbe ili usomwe na vifaa vya wahusika tu, orodha ya vifaa vyake pamoja na funguo za hadhara za kila kifaa, yaani zile ambazo wengine huzitumia kumfungia ujumbe. Kila fungu la data hiyo huwekwa katika nodi, yaani sehemu ya kuhifadhia yenye jina lake, na ndani ya nodi huwemo kipengee kimoja au zaidi. Programu ikiondolewa simuni bila kuiagiza seva lolote, nodi hizo hubaki kama zilivyo.

Hati ya XEP-0060, mojawapo ya hati za kanuni za XMPP, inayoongoza jambo hili, inatenganisha maagizo matatu. La kwanza huondoa kipengee kimoja kwa kitambulisho chake. La pili huondoa vipengee vyote lakini huiacha nodi, mipangilio yake na wanaoifuatilia; la tatu huondoa nodi yenyewe na vyote vilivyomo. Tofauti ya haya mawili ya mwisho ni ile ya kumwaga maji na kuvunja mtungi. Yote mawili ni ya mmiliki wa nodi peke yake. Mwingine akijaribu, seva humkatalia. Nodi ikishafutwa, wanaoifuatilia huweza kupelekewa taarifa, na taarifa hiyo inaweza kubeba anwani ya nodi nyingine ya kuifuata.

Penye OMEMO ndipo panapohitaji uangalifu mkubwa. Anayekuandikia husoma kwanza orodha ya vifaa vyako, kisha huufunga ujumbe kwa ajili ya kila kifaa kilichomo, ikiwemo simu uliyokwisha kuiuza. Orodha hiyo yote ni kipengee kimoja, kwa hiyo haifai kuifuta nodi yake. Inatakiwa ichapishwe upya bila kifaa cha zamani. Funguo nazo hutegemea toleo. Katika toleo la zamani, ambalo programu nyingi bado zinalitumia, kila kifaa kina nodi yake ya funguo, na nodi hiyo ndiyo ya kufutwa. Katika toleo jipya funguo za vifaa vyote zimo katika nodi moja, kila kifaa kikiwa na kipengee chake, na anayeifuta nodi nzima huziondoa pia funguo za simu anayoitumia sasa. Kwa maoni yangu, programu inayompa mtumiaji kitufe cha kufuta bila kumwonyesha tofauti hii haimtendei haki.

Utaratibu nao una uzito wake. Simu ya zamani itolewe kwanza kwenye akaunti, kwa sababu programu ya OMEMO iliyo hewani ikiona kifaa chake hakimo katika orodha, hujirudisha yenyewe. Hilo likishafanyika, ndipo orodha irekebishwe, kisha funguo ziondolewe.

Agizo la kufuta nodi haligusi kumbukumbu ya ujumbe uliohifadhiwa, kwani hiyo hutunzwa mahali pengine na kwa kanuni zake. Halizifikii pia nakala ambazo programu za rafiki zako zilikwisha kuzipokea, wala nakala rudufu za seva, ambazo huisha pale tu msimamizi anapoziondoa. Ndiyo maana anayetaka data yake iondoke kabisa hana budi kumuuliza msimamizi wa seva yake nakala hizo hukaa kwa muda gani.