Jinsi tulivyovuka miezi saba bila mfadhili

Mradi wetu wa utafiti hapa Lubumbashi, Kongo, ulifungwa tarehe 31 Desemba 2022. Jioni ile nilibaki peke yangu maabara, nikisikiliza friza ikinguruma. Ndani yake, kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri, kulikuwa na damu ya wamama wa mitaa ya Katuba, Ruashi na Kampemba waliokubali kuchomwa sindano wakiwa na mimba, pamoja na damu ya watoto waliowazaa. Mikataba ya muuguzi wetu na fundi wa maabara iliisha siku hiyohiyo. Mfadhili tuliyemtegemea alikuwa ameahidi jibu mwezi wa Novemba, kisha akaandika kwamba jibu litatoka katikati ya mwaka unaofuata. Barua yenyewe ilikuwa ya mistari minne.

Kwa asiyeijua Lubumbashi: mji huu umezaliwa na shaba, na bomba refu la Gécamines pamoja na mlima mweusi wa masalia yake bado ndiyo alama yetu. Mwaka 2009 watafiti wa hapa na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walionyesha kwamba watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya hapa Katanga wana madini ya kobalti kwa wingi mno katika mkojo. Mwaka 2020 utafiti mwingine, uliotoka katika jarida la Lancet Planetary Health, ulikuta kwamba watoto wenye kasoro za kuzaliwa walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na baba anayefanya kazi ya machimbo. Sisi tulitaka kujua habari za watoto waliozaliwa bila kasoro yoyote ya kuonekana. Madini ya risasi (plomb) huathiri ubongo wa mtoto polepole, tena hujificha katika mifupa miaka mingi. Kwa hiyo tunawapima watoto hao wakitimiza miezi 12, kisha miezi 24: wanavyotembea, wanavyoshika vitu, wanavyoita majina. Na mtoto hatimizi miezi 24 mara mbili. Ikikupita siku yake, imekupita.

Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Friza ingeweza kuhamishiwa kwa jirani, lakini umri wa watoto nisingeweza kuuhifadhi popote.

Katikati ya Januari nilimpelekea doyeni, yaani mkuu wa kitivo, ombi la kwanza. Leo nikilisoma naona aibu kidogo. Nilikuwa nimeomba dola 31,000: vitendanishi (kemikali za vipimo) vya mwaka mzima, kompyuta mbili, safari ya mkutano, posho yangu, na wafanyakazi wote kama enzi za mradi. Doyeni alilisoma mbele yangu mpaka mwisho, akavua miwani. "Prof, mimi sina mradi wa kukupa. Niambie kitu gani kitakufa ukikosa pesa mpaka Julai, na kitu gani kitalala tu."

Nilirudi ofisini na swali hilo. Nilimpigia mwenzangu mmoja aliyesomea Marekani miaka kadhaa, nikamuuliza kule wanafanyaje. Akanieleza kwamba vyuo vikuu vingi vya kule vina mfuko wa ndani wa kumvusha mtafiti wa afya kutoka ruzuku moja hadi nyingine. Pesa si nyingi, na kwa kawaida hazizidi mwaka mmoja. Lazima uonyeshe kwamba ombi la nje umekwisha kulituma, na kama lilikataliwa, ulete maoni ya waliolipima na useme utarekebisha nini. Mara nyingi idara yako nayo inatakiwa iweke mchango wake, ili ionekane kwamba wanaokujua kwa karibu wanakuamini. Hata NIH yenyewe, taasisi ya serikali yao inayofadhili utafiti wa afya, ina ruzuku fupi iitwayo R56, ya mwaka mmoja au miwili, kwa ombi zuri lililokosa nafasi kidogo tu. Nilichokamata katika maelezo yake ni kimoja: pesa hizi zinalinda kile kisichonunulika tena baadaye.

Nikachukua karatasi, nikagawa mara mbili: vitakavyokufa na vitakavyolala. Vitendanishi vililala. Kompyuta zililala. Kuchambua sampuli kulilala, kwa kuwa damu iliyogandishwa vizuri kwenye friza inaweza kungoja. Upande wa vitakavyokufa nilibaki na friza, watoto wanaofikisha umri wao kati ya Februari na Julai, na watu wawili.

Nizungumze kuhusu mmoja wao. Muuguzi wetu tunamwita Mama Mapasa, yaani mama wa mapacha, kwa sababu ana watoto pacha. Ana daftari la shule lenye jalada la bluu, na ndani yake hakuna anwani hata moja ambayo mtu wa posta angeielewa. "Mama wa karibu na pompi, anauza makaa, mume anarudi Jumamosi." "Amehamia kwa mama mkwe, uliza kanisani." Wamama wetu hubadilisha namba za simu kila mara. Yeye huwapata. Na akifika hakimbilii kupima mtoto. Anakaa, anauliza habari za bibi mgonjwa, na bukari (ugali) ikiwa tayari anakula. Kama angepata kazi kwingine mwezi wa Machi, ningeweza kuajiri muuguzi mwingine, lakini daftari lile lingebaki bila mtu wa kulisoma.

Januari nzima alifanya kazi bila mshahara. Sikumwomba, lakini sikumzuia pia, na hilo bado linaniuma. Siku moja aliniuliza, "Mama Prof, niwaambie wamama kazi ingali?" Nilimjibu awaambie ukweli: pesa zimeisha, tunatafuta nyingine, na damu yao iko salama. Nilihofia watatukimbia. Hakuna aliyejitoa, ila wawili waliuliza kama damu yao itauzwa, ikabidi niende mwenyewe kuwaeleza.

Ombi la pili lilikuwa na kurasa mbili. Kwa mwezi: muuguzi dola 350, fundi 400, wareko (wahamasishaji wa afya) wawili wa mitaani 100 kwa pamoja, mazutu (dizeli) ya jenereta 150, uniti za simu 40, usafiri 60. Jumla 1,100, mara miezi sita ya Februari hadi Julai, 6,600. Kwenye mstari wa posho yangu niliandika sifuri. Niliuacha mstari huo uonekane makusudi, maana wajumbe wa kamati huutafuta kwanza. Niliambatisha uthibitisho kwamba ombi letu la nje limepokelewa, orodha ya watoto kwa mwezi wanaotimiza umri (bila majina), na sentensi moja ya mwisho: jibu la mfadhili wa nje likiwa hapana, tarehe 31 Julai tunafunga na hatutarudi kuomba tena.

Nadhani sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyopitisha ombi. Kamati inaogopa mlango usiofungika.

Pesa zenyewe zilitoka wapi? Kila mradi wa nje huacha asilimia ndogo ya gharama za uendeshaji kwa taasisi. Ni kidogo kweli. Kwa mfano, ruzuku za NIH kwa taasisi zilizo nje ya Marekani zilikuwa kwa miaka mingi na kikomo cha 8%. Kitivo kilikuwa kimeweka akiba kutokana na hizo, na hakuna aliyekuwa ameandika kanuni ya kuitumia. Idara ilikubali kubeba mazutu, dola 900. Kitivo kikatoa 5,700 kwa mafungu mawili ya 2,850, la pili likingoja ripoti ya Aprili.

Katika utekelezaji, kilichotusaidia zaidi ni mambo madogo. Fundi alipanga upya masanduku yote, akafuta nafasi tupu, kisha akapandisha friza kutoka nyuzi -80 hadi -70. Kwa sampuli zetu haikuleta madhara, na mashine ilipumua. Alifungua daftari la mazutu: saa umeme ulipokatika, saa jenereta ilipowashwa, lita ngapi. Msimamizi wa bajeti alikuwa mtu wa kuuliza maswali magumu, lakini baada ya kuliona daftari lile hakuniuliza tena kuhusu mafuta.

Nilikosea jambo moja zito. Kibali cha kamati ya maadili huhuishwa kila mwaka, kwa ada, na chetu kilikuwa kinaisha Mei. Sikukiweka kwenye bajeti. Nilikumbuka kikiwa kimebaki siku tisa, nikalipa kutoka mfukoni mwangu na kumsumbua katibu wa kamati kila asubuhi. Kama kingekwisha, vipimo vyote vya Juni visingefaa kitu. Anayeandika ombi la namna hii aanze na kibali, ndipo aje kwenye friza.

La pili ningelifanya mapema. Wafadhili wengi wanakubali kuongeza muda wa mradi bila kuongeza pesa, ilimradi uombe kabla haujaisha. Sisi tulikuwa tumetumia kila dola kufikia Desemba, tukijisifu kwamba tumetekeleza bajeti yote. Tungebakiza kidogo na kuomba muda Septemba, Januari isingekuwa vile.

Jibu la nje lilikuja Julai, na lilikuwa ndiyo. Pesa zilifika Agosti. Katika watoto waliotimiza umri miezi ile, tulikosa watatu: wawili walihamia mji wa Kolwezi na mmoja alifariki kwa malaria. Mama Mapasa alikwenda kwenye matanga kwa niaba yetu sote.

Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, wenzetu wengi waliamka hawana mishahara. Kijana mmoja wa kitivo chetu alikuja kuniomba nakala ya zile kurasa mbili. Nilimpa, tukakaa na kalamu nyekundu mpaka saa moja jioni, tukigawa vyake: hiki kitakufa, hiki kitalala.