Transfoma ya kushusha stima: soma kibandiko kabla ya kufungua pochi

Pipa la mizigo na vyombo vya stima likifika Malindi kutoka kwa ndugu aliyeko Marekani, swali la kwanza baada ya kugawana sabuni na viatu ni: "Ninunue transfoma ya wati ngapi?" Hilo kwa kweli ni swali la tatu. Kwanza uliza kama unaihitaji kabisa, halafu uliza habari ya Hz (hezi, idadi ya mawimbi ya stima kwa sekunde). Wengi huruka hayo mawili, wakalipia kilo kumi za chuma zinazokaa chini ya meza bure, au wakalipia kitu kisichoweza kusaidia.

Stima yetu ni volti 240, Hz 50. Ya Marekani na Kanada ni volti 120, Hz 60. Japani ni volti 100, na nchi imegawanyika: upande wa Tokyo ni Hz 50, upande wa Osaka ni Hz 60. Italia ni volti 230, Hz 50, kwa hiyo vyombo vinavyouzwa nyumba za Waitaliano zinapohamwa havihitaji transfoma. Kata plagi, funga ya pini tatu bapa, tia fyuzi inayofaa, basi. Vya Dubai na Omani hata plagi kwa kawaida huwa sawa na yetu. Vya Saudia viangalie kwa makini: vya zamani vingine ni vya volti 127, na hata vya sasa vya volti 230 huko hutumia Hz 60.

Geuza chombo, tafuta kibandiko chini au nyuma. Kikiandikwa 100-240V 50/60Hz, kama zilivyo karibu chaja zote za simu na kompyuta za mkononi, unachotaka ni adapta ya plagi ya bei ndogo. Televisheni nyingi za kisasa pia ni hivyo, lakini soma, usikisie. Kompyuta za mezani za zamani zina swichi ndogo nyekundu nyuma iliyoandikwa 115 na 230. Isogeze kwenye 230 kabla ya kuchomeka. Ikibaki 115 utasikia mlio mmoja tu, na hakuna wa pili.

Adapta ya plagi hubadilisha umbo la pini peke yake. Volti haizigusi. Mashine ya kukausha nywele ya volti 120 na wati 1500 ikipewa 240, volti zinakuwa mara mbili na mkondo nao mara mbili, kwa hiyo joto ni mara nne: wati 6000. Koili huwa nyeupe kabla hujapata nafasi ya kuchomoa. Kitu kingine kinachosahaulika ni ekstensheni ya Kimarekani yenye kinga ya mpigo wa stima. Ndani ina kidonge kinachokusudiwa kuzuia volti zikipita za kwao. Ukutani kwetu huona 240 kama mpigo usiokwisha, kikapasuka na kutoa moshi hata kama hujachomeka chochote juu yake. Iache ndani ya pipa.

Sasa Hz. Transfoma hushusha volti; Hz inazitoa kama ilivyozipokea. Birika, pasi, mashine ya kahawa isiyo na mbwembwe, hivi ni joto tu na havijali. Blenda, drili na mashine nyingine zenye mota ya brashi (vipande vya kaboni vinavyosugua sehemu inayozunguka) hazijali pia. Shida ni kwa mota zisizo na brashi: feni, friji, pampu, mashine za kufulia za zamani. Mota ya Hz 60 ikipewa 50 huzunguka kwa tano juu ya sita ya kasi yake, na chuma chake hujaa sumaku kupita kiasi, kwa hiyo hupata joto huku feni yake ya kujipoza imepungua kasi. Mafundi wazuri wana ujanja hapa: mota ya 120V 60Hz ipe volti 100 badala ya 120. Uwiano wa volti na Hz unabaki ule ule wa 2, joto linashuka, ingawa nguvu nayo inapungua kidogo. Kwa hiyo kama una feni za Marekani, transfoma yenye tundu la volti 100 ina faida kuliko ya 110 au 120.

Maikrowevu ya Hz 60 usiisumbukie. Ndani ina transfoma yake kubwa, nayo ikipewa Hz 50 hunguruma na kuchemka. Zile ambazo saa yake huhesabu mawimbi ya stima huchelewa dakika 10 kila saa: iweke sawa adhuhuri, kesho adhuhuri itakuambia ni saa mbili asubuhi. Friji la Marekani nalo, maoni yetu ni liuze au usilipandishe melini kabisa. Transfoma ya kulitosha, pamoja na tokeni za stima zitakazoliwa usiku na mchana, hulipia friji la volti 240 la hapa hapa.

Tukishapita hapo, ndiyo tuje kwenye wati. Kibandiko kikikupa ampea badala ya wati, zidisha: volti 120 kwa ampea 6 ni VA 720 (VA ni volti mara ampea, kipimo cha ukubwa wa transfoma). Kisha ongeza nafasi. Kwa vitu vya joto ongeza robo. Kwa elektroniki ongeza nusu. Kwa chochote chenye mota zidisha mara tatu, kwa sababu mota ikianza kuzunguka huvuta mkondo mara kadhaa ya ule wa kawaida. Mashine ya kahawa ya wati 1000 inataka VA 1250, kwa hiyo nunua ya 1500. Blenda ya wati 700 inataka kama 2000, hata kama muuzaji anakuonyesha ya 750 na kukuapia.

Vya Japani vina mtego wao. Transfoma nyingi madukani hugawa kwa mbili, 240 kuwa 120. Sufuria ya kupikia wali ya Japani ni ya volti 100. Ukiipa 120, joto hupanda kwa asilimia 44, wati 600 zinakuwa 864. Ukoko unaungua chini huku wali wa juu haujaiva, na siku moja fyuzi ya joto ndani yake inakatika na sufuria haiwaki tena. Taka transfoma iliyoandikwa 100V wazi kwenye tundu la kutokea.

Namba iliyochapishwa kwenye boksi usiiamini. Iamini kilo. Kuna aina mbili za transfoma ya chuma. Ya kutenganisha ina koili mbili (waya uliozungushwa kwenye chuma) zisizogusana. Ya VA 1000 huwa na kilo kama 10 au zaidi. Ya koili moja, ambayo ndiyo wengi huuziwa, inatumia waya ule ule kwa kuingia na kutokea, na kwa kushusha 240 kuwa 120 inahitaji chuma cha nusu tu. Ndiyo maana ni nyepesi na bei yake ni nafuu, wala hakuna udanganyifu hapo. Udanganyifu ni boksi la kilo tatu linalojiita wati 3000. Halafu kuna vile viboksi vya kushika mkononi, visivyo na chuma, vinavyodai wati 1600. Hivyo hukatakata wimbi la stima badala ya kulishusha. Ni vya kitu cha joto kisicho na elektroniki, tena kwa dakika chache. Ukichomeka redio au chaja hapo, umeiua.

Ya koili moja ina udhaifu ambao muuzaji hakuambii. Sehemu ya koili iliyo sambamba na chombo chako ikikatika, chombo hakizimiki: kinabaki kimeunganishwa na ukuta kupitia nusu ya juu ya koili, na volti zake hupanda kuelekea 240. Pia haikutenganishi na stima ya ukutani. Ikiwa fundi aliyefunga soketi alibadilisha waya wa moto na nyutro, jambo linalopatikana sana nyumba za zamani, pini zote mbili za kutokea zitakuwa na moto kuelekea ardhini, moja 120 na nyingine 240. Kwa hiyo kabla ya kuitumia pima soketi: ukiitazama, athi (waya wa ardhini) juu, moto kulia, nyutro kushoto. Kati ya kulia na athi upate karibu 240, kati ya kushoto na athi karibu sifuri. Kwa vitu vya maji, au chombo chenye bodi ya chuma, sisi tungelipia ya kutenganisha. Na ya aina yoyote, hakikisha pini ya athi ya kutokea imeunganishwa kweli na athi ya ukutani. Nyingi zina tundu la tatu la urembo tu.

Dukani nenda na mita yako. Iweke upande wa AC, kipimo cha 600 au 750. Pima ukuta kwanza, tuseme umepata 238. Tundu la kutokea la transfoma ya kugawa kwa mbili lazima lisome karibu 119. Sasa chomeka mzigo halisi, kama pasi ya volti 120, upime tena ikiwa inawaka. Ikishuka hadi 112 ni sawa. Ikishuka hadi 100, waya wa ndani ni mwembamba, irudishe rafuni. Nyumbani iendeshe na mzigo saa nzima, kisha weka kiganja juu ya kifuniko. Kama huwezi kukiacha hapo hesabu ya tano, imezidiwa. Harufu kama ya varnishi mpya siku ya kwanza si ajabu. Ikirudi wiki ya pili, zima.

Fyuzi ya plagi inayoingia ukutani iendane na transfoma, si ile ya 13 iliyokuja nayo. VA 500 huvuta ampea 2.1, tia fyuzi ya 3. VA 1000 huvuta 4.2, tia ya 5. VA 2000 huvuta 8.3, hapo ndipo 13 inafaa. VA 3000 ni ampea 12.5 mfululizo, na soketi ya kawaida iliyolegea itayeyuka pembeni. Hiyo mwite fundi aivutie laini yake. Upande wa kutokea mkondo ni mara mbili: wati 2000 kwa volti 120 ni karibu ampea 17, waya uwe wa milimita 2.5 za mraba, na soketi ya kawaida ya Kimarekani ni ya ampea 15 tu. Kama fyuzi inakatika kila unapowasha, hasa kwa transfoma za mduara, washa transfoma kwanza ikiwa tupu, kisha chombo.

Chumvi ya bahari huku kwetu haina huruma. Iweke mbali na dirisha linaloelekea baharini, iinue sakafuni kwa vipande viwili vya mbao ili hewa ipite chini, na kila msimu kaza skrubu za nyaya na usugue kijani kibichi kinachoota kwenye shaba. Mngurumo ukiongezeka mara nyingi ni boliti za chuma zimelegea.

Ya kupandisha, 110 kwenda 240, huku ni nadra: labda una jenereta au inveta ya Kimarekani. Hesabu ni ile ile, ila mkondo mkubwa uko upande wa kuingia. Na inveta za bei nafuu zenye wimbi la ngazi hupasha transfoma moto hata ikiwa haina mzigo.

Usiiache ikiwaka usiku. Transfoma tupu inayokula wati 20 usiku na mchana hukumalizia uniti 14 za tokeni kwa mwezi. Zima ukutani, si kwenye chombo.