Ufunguo wa maji

Jumapili, saa saba usiku, usingizi umekataa. Leo asubuhi nimerudisha ufunguo wa mfereji, nimempea mama wa namba 14 mbele ya watu nikasema ati nimekuwa bize sana na kazi. Uongo mtupu. Wacha niandike hapa venye ilienda, kwa sababu pale chini kwa ploti sitawahi sema.

Huku kwetu Umoja, Nairobi, maji huja siku mbili kwa wiki, ikiamka vizuri. Siku zingine ni tangi la chini, na tangi likiisha ni wale vijana wa mkokoteni, mtungi wa lita 20 ni shilingi 20 kukiwa kuzuri na 50 kukiwa kubaya. Zamani kwa ploti ilikuwa vita tu, mwenye ako na mpira mrefu ndio anaoga. Basi tukafanya mkutano pale kwa ngazi, na nani akasimama kuongea? Mimi. Nikawapea hotuba, ati ibara ya 43 ya katiba ya 2010 inasema kila mtu ako na haki ya maji safi na ya kutosha, ati maji si ya mwenye nguvu, kila nyumba ichukue mitungi mitano na mfereji upigwe kufuli. Kampasi nilikuwa komredi wa ukweli, wale wa kupiga kelele mpaka sauti inapotea, na hiyo siku nilisikia damu imerudi. Watu wakapiga makofi, mzee wa namba 2 akasema huyu kijana ndio anajua haki, mpeni ufunguo. Kutoka hapo nikaitwa mwenyekiti, na siwezi danganya, niliipenda.

Wiki tatu nilikuwa malaika. Daftari, kalamu, kila mtungi unaandikwa, hata keateka nilimkatalia wa sita.

Halafu dadangu akakuja kunitembelea na mtoto mchanga, nepi kila saa, nikachukua mtungi mmoja juu ya zile tano nikajiambia ni ya mtoto. Mtoto alienda Ijumaa, mimi nikaendelea. Sababu hazikosi: hii kazi haina mshahara, mimi ndio naamka saa kumi alfajiri kuwafungulia wengine wamelala, si hata mbwa wa ulinzi hutupiwa mfupa. Ikatoka mtungi ikawa pipa. Sasa pipa tupu likiingia maji saa nane usiku linalia kama ngoma, ploti nzima itaamka, kwa hivyo nikawa natumbukiza taulo ndani, mdomo wa mpira unalala kwa taulo na maji yanaingia kimya. Hiyo taulo ndio inanisumbua kuliko maji yenyewe. Mtu hatafuti taulo kama hajui anaiba.

Na kusema ukweli kampasi nilikuwa nawatukana wazee wa hii nchi bila kupumua. Nilikuwa najua ule Waraka wa Bunge namba 10 wa 1965, wenye Tom Mboya alisimamia, wa ujamaa wa Kiafrika, kugawana, kusaidiana, maneno tamu kabisa, halafu 1971 tume ya Ndegwa ikasema mfanyakazi wa serikali anaweza fanya biashara yake pia. Kwangu jibu lilikuwa rahisi, walikuwa watu wabaya, tuweke wazuri. Wazuri ni sisi, obviasli.

Azimio la Arusha la 1967, lile la ujamaa la Nyerere na chama chake TANU kule Tanzania, nalo nilikuwa naruka ile sehemu ya masharti ya viongozi nikiona ni mambo madogomadogo: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa kwa kampuni, asiwe na nyumba ya kupangisha. Nilikuwa napenda pale penye wakulima na wafanyakazi. Juzi nimeisoma tena kwa simu nikiwa kwa matatu nikaona mwenye aliandika hiyo hakuwa anaongea na mabepari, alikuwa anaongea na watu kama mimi, wenye imani na ufunguo mkononi. Na hata hao Watanzania, masharti yalikuja kulegezwa Zanzibar 1991. Lakini kwa karatasi walishikilia miaka 24. Mimi wiki tatu.

Jana usiku ndio nimefungua mlango nishuke na taulo kwa bega, nikapatana na mama wa namba 14 kwa ngazi, ameamka kukanda unga wa chapati zake za asubuhi. Ameangalia taulo. Nimengoja matusi, hata nilikuwa nimeshapanga kusema kuna bomba linavuja. Akaniuliza tu pole pole, “Mwenyekiti, ukimaliza kujaza yako, naweza pata nusu mtungi?” Yani hakushangaa hata kidogo, alikuwa anajua kitambo na akaona ni sawa, kiti ni kiti. Afadhali angenitukana maze.

Ndio nimempea ufunguo. Tena kwa haraka, hata daftari nimesahau kumpea, liko hapa mezani.

Sasa hivi kuna maji yanatoka huko chini. Hii sauti naijua, mtungi ukikaribia kujaa mlio unapanda. Wa nne huo. Wa tano. Kimya kidogo nikavuta blanketi, halafu mfereji ukafunguliwa tena, na mimi wa watu wote sina uso wa kushuka kuuliza.